Mstari Wenye Maneno: Kuwafundisha Watoto Sanaa ya Kuchora Mchangani

Utangulizi

Mtu akizuru shule ya msingi siku ya maonyesho ya kazi za wanafunzi, hatakosa kukuta ukutani vinyago vya karatasi vilivyopakwa rangi za kuwaka, na chini yake pameandikwa "Afrika Magharibi" au "Sanaa ya Asia". Watoto wamejitahidi na kazi inapendeza. Hata hivyo, mgeni huyo akimuuliza mtoto kinyago hicho huvaliwa na nani, katika sherehe gani, na ikiwa anayekivaa huimba au hunyamaza, aghalabu jibu litakuwa kimya. Mwalimu naye, akiulizwa, huelekeza kidole kwenye picha ya kitabuni.

Lawama hii si ya mwalimu peke yake. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi. Lilipoondolewa katika mtihani wa KCPE, shule nyingi ziliacha lijifie. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, umeirejesha sanaa darasani, lakini kizazi kizima cha walimu kilikuwa kimekwisha kupita bila kuisomea wala kuifundisha. Kwa sababu hiyo picha imeshika nafasi ya mapokeo. Mtoto huona umbo, huliiga, hupewa alama.

Makala hii inanuia kudai kwamba ziko sanaa za jadi ambazo haziwezi kufundishwa kwa njia hiyo bila kuuawa, kwa kuwa umbo na usemi ndani yake ni kitu kimoja. Mfano wetu mkuu ni michoro ya mchangani iitwayo sona, ya Wachokwe wa Angola. Tutaitazama kando ya michoro ya Vanuatu na ile ya Watamili wa kusini mwa Uhindi, kisha tuone jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuipeleka kwa watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6. Tunasema mwalimu wa Kiswahili kwa kusudi, wala hatujamsahau mwalimu wa sanaa.

Sona za Wachokwe

Wachokwe wanaishi hasa kaskazini mashariki mwa Angola, katika nchi ya Lunda. Wengine wako Zambia na kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha yao ni ya Kibantu, na mwanafunzi wa Kiswahili hatajihisi mgeni mbele yake: mchoro mmoja huitwa lusona, na michoro mingi huitwa sona. Kiambishi hicho cha lu- ni ndugu wa u- yetu katika maneno kama ulimi na ukuta.

Sona ilichorwa penye mkutano wa watu, barazani pa kijiji, chini ya mti wenye kivuli au kando ya moto katika kambi ya wawindaji. Mchoraji alifagia ardhi na kuilainisha kwa kiganja. Kisha alibonyeza nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, akihakikisha umbali kati ya nukta na nukta unalingana. Baada ya hapo ndipo alipoanza kusimulia, na kidole chake kikaanza kusafiri. Mstari ulipita kati ya nukta ukienda mshazari, ukafika ukingoni, ukaizunguka nukta ya mwisho na kurudi ndani, ukakata njia yake wenyewe mara nyingi, hadi ukarejea palipoanzia. Kidole hakikuinuliwa. Mchoraji aliyesita katikati, au aliyesimama kufikiri, alihesabiwa kuwa hajui kazi yake, na waliomzunguka hawakumficha kicheko chao.

Wavulana walifundishwa michoro myepesi jandoni, katika kambi iitwayo mukanda. Michoro migumu na masimulizi yake ilibaki kwa wajuzi walioitwa akwa kuta sona, ambao waliwarithisha wachache tu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini elimu ya namna hii ilikaribia kutoweka. Biashara ya watumwa na ukoloni viliivunja mikutano yenyewe. Palipokosekana baraza, mchoro ulikosa pa kuchorwa. Mikusanyo tuliyo nayo leo ni matokeo ya watu wachache waliokaa na wazee na kunakili, akiwemo Mário Fontinha, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1983, na baadaye mwanahisabati wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014 baada ya kuandika mengi kuhusu hesabu iliyomo ndani ya sona. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza sona katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Mfano mmoja utatusaidia kuona jinsi mstari na hadithi vinavyoshikana. Upo mchoro maarufu wa njia iendayo kwa Mungu, ambaye Wachokwe humwita Kalunga. Juu ya mchoro yuko Mungu, chini yuko binadamu, kushoto liko jua na kulia uko mwezi. Simulizi yenyewe, kwa muhtasari, ni kwamba jua lilikwenda kumwamkia Mungu, likapewa jogoo na kuambiwa lirudi kuaga asubuhi kabla ya kuondoka. Alfajiri jogoo akawika, jua likaamka likaenda. Mungu akasema amemsikia jogoo aliyempa mgeni wake kwa chakula cha jioni. Basi jua lichukue jogoo wake, ila lirudi kila siku. Mwezi nao ukafanya vivyo hivyo, ukaambiwa urudi kila baada ya siku 28. Binadamu alipofika alikuwa na njaa ya safari. Akamla jogoo nusu, nusu akaiweka akiba. Asubuhi hakuwika mtu. Jua lilikuwa limepanda alipoamka na kwenda mbio kwa Mungu, akaulizwa jogoo yuko wapi. Hukumu ikawa kwamba jua na mwezi hawakuua, na kwa hiyo hawatakufa. Yeye aliyeua atakufa kama jogoo alivyokufa.

Mtazame msikilizaji wa simulizi hiyo. Anayoyasikia anayaona pia yakitembea ardhini. Kidole kinapopanda kwenda kwa Mungu, naye anapanda. Anajua kwamba njia ni moja tu na kwamba lazima irudi ilikotoka, kwa hiyo tayari anangoja. Mwisho wa hadithi na mwisho wa mstari hukutana mahali pamoja. Katika uchambuzi wa hadithi tumezoea kuzungumzia msuko, nalo ni neno la ukili na nywele. Hapa msuko unaonekana kwa macho. Mtu akiuchukua mchoro huu, akaupiga chapa kwenye karatasi na kuwaambia watoto waupake rangi, atakuwa amebakiwa na pambo tu.

Vanuatu na Watamili

Vanuatu ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki vyenye lugha zaidi ya 100 kwa watu wachache mno. Katika visiwa vya kati, kama vile Malakula, Ambrym na Pentekoste, watu huchora kwa kidole kimoja juu ya mchanga, udongo au majivu ya volkano, mstari mmoja usiokatika, wakiongozwa na miraba au nukta zilizotangulizwa. Hakuna ushahidi wa mawasiliano baina yao na Wachokwe. Ni akili mbili zilizofikia ufundi mmoja, kila moja kwa njia yake.

Mwanaanthropolojia kijana wa Kiingereza, Bernard Deacon, alinakili michoro mingi Malakula kabla ya kufariki huko huko mwaka 1927. Ilichapishwa mwaka 1934. Miongoni mwa aliyoyasikia ni imani kwamba roho ya marehemu, ikiwa njiani kuelekea nchi ya wafu, humkuta mlinzi wa kutisha ameketi na mbele yake pana mchoro mchangani. Roho inapokaribia, mlinzi huufuta nusu. Roho iliyojifunza sawasawa ilipokuwa hai huikamilisha nusu iliyofutwa na kupita. Isiyojua huliwa. Wanafunzi wetu, ambao wamekaa mbele ya watahini wengi, hawatahitaji kufafanuliwa hadithi hii.

Michoro ya Vanuatu hutumika kuhifadhi ngano, nasaba, nyimbo na hata maarifa ya kilimo. Pengine hata kumwachia rafiki ujumbe. UNESCO iliitangaza kuwa kazi bora ya urithi mwaka 2003, na kuiingiza katika orodha yake mwaka 2008, huku ikionya kwamba michoro ikizidi kuonyeshwa kwa watalii kama pambo, maana yake ya ndani itapotea. Onyo hilo lilielekezwa kwa biashara ya utalii. Kwa maoni yetu linafaa kubandikwa pia kwenye mlango wa chumba cha sanaa.

Kuhusu kolamu ya Watamili tutakuwa wafupi. Ni mchoro wa kizingitini, unaochorwa alfajiri na wanawake kwa unga wa mchele unaochuruzishwa baina ya vidole. Hapa pia nukta hutangulia na mstari huzizunguka. Mabinti hujifunza kwa mama zao. Kufikia jioni nyayo, ndege na sisimizi wamekwisha kuumaliza, na kesho huchorwa mwingine. Kolamu haisimulii ngano kama sona, bali huwakaribisha wageni na baraka nyumbani. Jamaa yake, rangoli, huonekana Mombasa na Nairobi katika nyumba za Wakenya wenye asili ya Gujarat wakati wa Diwali, hivyo huenda darasani mna mtoto anayeweza kumsahihisha mwalimu.

Tofauti hizi si ndogo, na mwalimu asizifiche. Kwa Wachokwe kazi hii ni ya wanaume, kwa Watamili ni ya wanawake. Vanuatu michoro mingine ni mali ya ukoo na haichorwi na kila mtu. Mtoto akiambiwa tu kwamba "watu wa dunia huchora mchangani", atakuwa ameambiwa jambo la kweli lisilomfaa kitu.

Tuna nini sisi?

Patakuwapo msomaji atakayeuliza kwa nini tuende Angola na Pasifiki ilhali watoto wetu hawajui ya kwao. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba ya mbali mara nyingine hutufungua macho tuone ya karibu.

Wagikuyu walikuwa na gĩcandĩ, kibuyu cha kutikiswa chenye alama zilizochongwa juu yake. Wajuzi wawili walishindana hadharani kwa mafumbo ya kishairi, na aliyeshindwa kufumbua alipoteza kibuyu chake. Vittorio Merlo Pick alikusanya mafumbo hayo katika kitabu cha mwaka 1973, na Kimani Njogu ameuchambua utanzu huo kama ushairi wa majibizano. Katika vitabu vingi vya shule, hata hivyo, kibuyu kimepangwa upande wa ufundi na fumbo limepangwa upande wa fasihi simulizi, kana kwamba havijawahi kuonana.

Pwani nako tunayo kanga. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Muuzaji huulizwa jina kabla ya bei, na mwanamke anaweza kuyaacha maua mazuri kwa sababu maneno hayasemi alitakalo. Mtoto anayechora kanga darasani bila jina amechora leso tu, na hapo hatutumii neno leso kwa maana ya Mombasa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mgawanyo wa tanzu tunaowakaririsha wanafunzi, wa hadithi, ushairi, maigizo na semi, uachiwe mwanya kwa usemi unaochorwa. Hatupendekezi utanzu mpya wenye jina la kutisha. Yatosha mwalimu akumbuke kwamba mkono wa msimulizi nao husema.

Darasani

Kipindi ni cha dakika 35, nacho hakihitaji kununuliwa chochote. Faida hii si haba kwa wazazi waliochoka kutumwa manila, gundi na picha za kuchapishwa saiba usiku.

Mwalimu awatoe watoto nje, wakae duara. Afagie ardhi mbele yao bila haraka, kwa kuwa kufagia ni sehemu ya sanaa. Ni sawa na "paukwa" ya mtambaji. Abonyeze nukta mbili kwa tatu, yaani safu mbili zenye nukta tatu tatu. Kisha aanze hadithi fupi ya msafiri mmoja aliyetoka nyumbani na kurudi, huku kidole kikienda. Mstari uanze nje ya nukta ya pembeni, uingie mshazari kati ya nukta, ukifika ukingoni ujikunje na kurudi ndani kama mpira uliogonga ukuta. Kwa nukta hizi sita, mstari utapita kote na kurudi nyumbani bila kuinuliwa. Mwalimu awe amefanya mazoezi nyumbani mpaka mdomo na kidole viende pamoja. Akisita watoto watacheka, na wacheke. Ndiyo desturi ya sanaa yenyewe.

Baada ya hapo watoto wajaribu wawili wawili, mmoja akichora na mwingine akisimulia, kisha wabadilishane. Wengi watagundua kwamba kusimulia wakati wa kuchora ni kugumu kuliko walivyodhani. Sentensi hazina budi kuwa fupi. Vitenzi vya mwendo huja vyenyewe: akapanda, akashuka, akazunguka, akakatiza, akarejea. Mwalimu wa sarufi aliyehangaika kufundisha kiambishi -ka- cha mfululizo wa matukio atakisikia hapa kikitumika bila kuamriwa.

Katika kipindi cha pili waongeze nukta. Wakiweka tatu kwa tatu, watakuta mstari unarudi ulipoanza ilhali nukta nyingine hazijazungukwa. Patahitajika mistari mitatu. Mbili kwa nne zitataka miwili, na tatu kwa nne zitatoshwa na mmoja. Kanuni yake ni kwamba idadi ya mistari ni sawa na kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu na idadi ya nukta za kila safu. Istilahi hiyo wenzetu wa Tanzania wanayo katika vitabu vya hisabati vya shule za msingi, kwa hiyo mwalimu wa Kenya asiseme Kiswahili kimemkosesha neno. Hata hivyo, kanuni isitolewe mapema. Watoto wajaribu, waandike matokeo, wabishane.

Hapa ndipo penye utamu wa kifasihi. Kama nukta tatu kwa tatu zinataka mistari mitatu, basi hadithi inayozifaa ni ya wahusika watatu ambao njia zao hukatana na hakuna mmoja anayegeuka kuwa mwingine. Mbili kwa nne zitafaa hadithi ya ndugu wawili, au sungura na fisi. Mtoto anayetaka kusimulia habari za mtu mpweke itambidi atafute nukta zinazotoa mstari mmoja. Umbo linaidai hadithi, na hadithi inalidai umbo. Mpangilio huu wa wahusika kwa idadi ya mistari ni wetu, si wa Wachokwe, na watoto waambiwe hivyo waziwazi.

Simulizi ya jua, mwezi na jogoo iachiwe kipindi cha tatu, watoto wakiwa wamekwisha kuuzoea mstari. Wanaoishi na nyanya au babu waagizwe kuuliza kama kwao palichorwa chochote ardhini, kibuyuni au ukutani, na maneno gani yaliandamana nacho.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni ushahidi. Mtaala unamtaka mwalimu ahifadhi kazi za mwanafunzi, ilhali mchoro wa mchangani hufutwa. Mwalimu anaweza kupiga picha moja ya darasa zima, lakini tathmini yenyewe iwe ya utendaji: je, mstari haukukatika, hadithi ilifika mwisho pamoja nao, msikilizaji alifuata? Tunavyotathmini utambaji wa ngano ndivyo tutathmini na hili.

Kikwazo cha pili hakisemwi mikutanoni, lakini kipo. Katika baadhi ya jamii zetu, hasa za Pwani, mtu mzima akionekana anatia nukta mchangani hudhaniwa anapiga ramli. Neno lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la mchanga. Mwalimu mwenye busara atawaeleza wazazi mapema kwamba hapa hatabiriwi mtu, na akiweza awaalike waje kusikiliza.

Mwisho ni mahali penyewe. Shule nyingi za mjini zina uwanja wa saruji tupu. Hapo itatosha sinia pana au mfuniko wa katoni wenye mchanga uliochekechwa, unyunyiziwe maji kidogo ili mstari usiporomoke. Majivu ya jikoni pia hufaa, na Vanuatu hutumia majivu ya volkano. Unga usitumike. Mtamili huchora kwa unga kizingitini pake kwa hiari yake, na ndege wakila ni sadaka. Lakini kumwaga unga mbele ya watoto ambao baadhi yao wamekuja shuleni bila kifungua kinywa ni jambo jingine kabisa.